Wimbo wa Njaa Nyumbani kwa Wambura

Jambo la kwanza aliloliona Wambeti ni mwanamke mgeni mwenye brashi ya vipodozi. Alimpangusa mwimbaji aliyetoka ng'ambo vumbi la hapo kijijini Ishiara usoni, kisha akageuka akampaka Ednah vumbi lilo hilo. Ednah, mdogo wake Wambeti, alikuwa amesuguliwa kwa sabuni na kupakwa mafuta tangu alfajiri hadi akang'aa kama kikombe kipya.

"Mbona anamchafua?" mama yao, Wambura, alimuuliza Nthiga, karani aliyewaleta wageni.

"Mama, huu ni wimbo wa njaa. Utachezwa ng'ambo, watu wachange. Mtoto asing'ae. Na wewe usicheke."

"Mgeni aje kwangu nimnunie? Watasema sikulelewa."

Alikuwa amevaa gauni la kanisani na leso mpya. Mvua ilikosa misimu miwili, lakini mgeni haondoki kwa Wambura bila kula. Juu ya meko kilibaki kibuyu kimoja tu: ndengu za mbegu, za kupanda Oktoba. Wambeti alimwona mama akikishusha na kuzisuuza zile ndengu mara tatu ziondoke jivu la kuzuia wadudu. Akafungua mdomo, akaufunga. Tangu atoke shule darasa la tano, maneno alikuwa akiyameza.

Mwimbaji alionja kijiko kimoja kwa adabu, halafu akamaliza sahani mbili. Mwenye kamera akala. Mwanamke wa brashi akaongezewa. Nthiga ndiye aliyekwangua sufuria.

Waliposhiba, kamera ikawashwa. Mwimbaji akaiinua sufuria ile tupu, akaichungulia, akaimba kwa lugha yake huku machozi yakimtiririka.

"Anasemaje?" Wambura akauliza.

"Anasema nyumba hii haina hata punje."

Wambura akacheka hadi leso ikamwanguka. Ikabidi warudie. Mara ya pili mwimbaji akacheua katikati ya kilio. Wakarudia tena.

Mwishowe Nthiga akasema, "Mama, anauliza kama una neno kwa watu wa ng'ambo."

"Waambie karibuni tena."

"Na wewe, Wambeti?"

Wambeti akatazama vidole vyake vya miguu. Mama akamfinya mkono, akijua anachotaka kusema.

"Zile zilikuwa mbegu," Wambeti akasema.

"Zipi?"

"Mlizokula. Ndizo tungepanda Oktoba, na hatuna nyingine. Mwambie hivyo, Bwana Nthiga, na usipunguze."