Mwaloni wa Godfrey

Jirani yangu Godfrey alipostaafu aliapa kuiachia Uingereza mti wa mwaloni. Aliloweka mbegu, akatupa zilizoelea, na zilizozama akazifungia kwenye friji majira yote ya baridi, eti bila baridi haziamki. Mkewe Winifred alipolalamika kwamba jibini halina pa kukaa, alijibiwa, "Subiri, mama. Huu ni urithi wa taifa."

Machi akazipanda kwenye vyungu sebuleni. Wageni tulikatazwa hata kupiga chafya. Hadi Juni kilichoota humo ni ukungu tu.

Jumamosi moja nilimkuta bustanini kapiga magoti, anang'oa magugu kama kila Jumamosi, maana nyasi zake zisipofanana na zulia hapati usingizi.

"Kindi hawa washenzi!" alifoka. "Kila vuli wanafukia uchafu wao kwenye nyasi zangu, kiangazi yanaota magugu yaleyale!"

Nikachungulia ndoo yake. Ilijaa miche ya mwaloni, mbegu bado zimeng'ang'ania mizizini.

Nilifungua mdomo. Winifred, aliyekuwa nyuma yangu na kikombe cha chai, akanifinya.

"Nyamaza, we!" alininong'oneza. "Akijua tu, yote inaingia kwenye friji yangu."