Majibu Mazuri ya Serikali

Mkunga wa kituo cha afya alijua mambo mawili kuliko mtu yeyote: namna ya kumtoa mtoto aliyekaa vibaya, na uzito wa ndoo ya maji. La kwanza alifundishwa chuoni. La pili alifundishwa na wodi ya wazazi, iliyokuwa na sinki jeupe, bomba linalong'aa, na ndani ya bomba hewa tupu. Mama akishikwa na uchungu, mumewe hupewa ndoo mbili ateremke kisimani bondeni. Mara nyingine mtoto hufika kabla ya maji.

Mbunge wao alikuwa mtoto wa kaka yake, naye mkunga ndiye aliyempokea siku ya kuzaliwa. Siku hiyo kichwa ndicho kilichosumbua, na ndiyo maana, ingawa nchi nzima humwita Mheshimiwa, yeye humwita Kichwa.

Kichwa alikuwa amekwisha kuuliza bungeni habari ya maji yale, mara mbili. Basi mbona bomba kavu? Karani wa kituo ndiye aliyeleta dawa ya fumbo hilo: taarifa rasmi za Bunge, zile zinazoandika kila neno linalosemwa mle ndani. Mkunga akavaa miwani.

Mwaka juzi, mbunge ameuliza lini maji yatafika. Serikali imejibu kuwa mchakato unaendelea. Mbunge: "Naishukuru Serikali kwa majibu mazuri." Mwaka jana, swali lile lile. Mchakato uko hatua nzuri. Mbunge: "Naishukuru Serikali kwa majibu mazuri sana."

"Karani," mkunga akasema, "hebu nionyeshe, kwenye hiyo 'sana' kuna ndoo ngapi?"

Jumatatu akapanda basi kwenda mjini. Ofisi ya mbunge ilikuwa na viti vya kuzunguka na picha ya mwenyewe ukutani, kubwa kuliko mwenyewe.

"Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba, Kichwa. Umenenepa. Hapa pana bomba?"

"Lipo, chooni."

"Linatoa maji?"

"Linatoa."

"Ulimshukuru nani mpaka likatoa?"

Katibu wake, mama mtu mzima mwenye kalamu sikioni, akainamia mafaili ili asionekane akicheka. Mkunga akaweka taarifa mezani, kidole juu ya neno.

"Ni adabu tu, shangazi," Kichwa akasema. "Kila mbunge hushukuru kwanza. Usiposhukuru utaonekana huna malezi."

"Malezi nilikupa mimi. Nilikufundisha kushukuru ukishakula, siyo ukishaonyeshwa sufuria."

Katibu akaitoa kalamu sikioni. "Bibi, afadhali umesema wewe. Swali la msingi Wizara hulipata mapema, na jibu huandikwa huko huko. Mbunge akisomewa jibu, anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza ambayo wao hawakuyaona. Meno yetu yako hapo. Lakini Mheshimiwa akifungua kinywa na shukrani, Wizara wanaandika 'mbunge ameridhika', na faili linarudi kabatini."

"Mbona hukuwahi kuniambia?" Kichwa akasema.

"Nilikuandikia, Mheshimiwa. Mara mbili. Ukanishukuru."

Mkunga akacheka mpaka miwani ikateleza. Halafu akawa mkali. "Na hiyo 'lini' yako uiache. Mwanamume ukimwuliza 'utanioa lini', atakujibu mpaka uzeeke. Mwulize, 'Jana ulilala wapi?' Uone atakavyotafuta mate."

Wakaandika swali fupi: je, wodi ya wazazi ina maji ya bomba hivi sasa? Kisha Kichwa akaamriwa aende akaangalie kwa macho yake kabla ya kusimama. Akaenda.

Siku ya swali, mkunga alikaa juu, jukwaa la wageni. Askari wa Bunge akamwinamia.

"Bibi, huku hakuna kusema, kupiga makofi wala kupunga mkono."

"Na kupumua?"

"Kupumua ruksa."

Naibu Waziri akasimama na karatasi yake. "Mheshimiwa Spika, napenda kumjulisha Mheshimiwa Mbunge kwamba pampu ilisimikwa tangu mwezi wa tatu, na akina mama wanafurahia huduma ya maji safi na salama."

Meza zikapigwa. Mkunga akakaza meno. Pampu ile anaijua. Fundi aliisimika, akaondoka akisema waya wa umeme unafuata. Mpaka leo unafuata.

Kichwa akainuka. "Mheshimiwa Spika, naishu..."

Mdomo ulikuwa umeshika njia wenyewe, kama punda anayerudi nyumbani. Akainua macho juu. Shangazi yake hakusema, hakupunga. Alilishika sikio lake mwenyewe kwa vidole viwili, akalisokota polepole. Kichwa akakumbuka vidole vile, na sikio lililokuwa likisokotwa zamani.

"Mheshimiwa Spika, leo sishukuru. Pampu ipo, umeme haupo. Juzi nilifika pale, nikamkuta kuku wa mlinzi amelalia mayai juu yake. Naomba kujua, nani alikwenda akayaona maji hayo yakitoka, na siku gani? Pili, je, Naibu Waziri yuko tayari tukafungue bomba hilo pamoja, mimi na yeye?"

Naibu Waziri akaigeuza karatasi, mbele na nyuma. Kuku hakuwemo.

"Mheshimiwa Spika, tutalifuatilia..."

"Kufuatilia si jibu," Spika akasema. "Serikali ilete jibu sahihi ndani ya siku kumi na nne."

Siku ya nne nguzo ya umeme ilisimama. Siku ya kumi kuku alihamishwa na mayai yake. Siku ya kumi na tatu Naibu Waziri alifika na turubai, vipaza sauti na hotuba ndefu. Mkunga hakuisikia. Alikuwa wodini na mama aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri, na mume amesimama mlangoni na ndoo zake mbili, hajui azipeleke wapi. Mkunga akafungua bomba, akanawa mpaka viwikoni. Mtoto alipofika, maji yalikuwa yamemtangulia.

Baadaye Kichwa akachungulia dirishani, meno yote nje. "Shangazi! Sasa naruhusiwa kushukuru?"

"Yametoka leo."

"Ndiyo!"

"Mwezi ujao rudi ukaulize kama yalitoka jana."

Akalifunga bomba, akalikaza. Akalifungua tena kidogo kuhakikisha. Yalikuwepo. Ndipo akamgeukia yule baba mlangoni.

"Ndoo zirudishe stoo, mwanangu. Lakini usiziweke mbali."