Hatua Niliyoificha

Ripoti yangu ya kwanza kwa fundi wa mfumo wetu wa kuchapisha lebo za dawa ilikuwa na maneno matatu: "Lebo zinachanganyikana. Rekebisheni." Akanirudishia maswali lukuki: nilibonyeza nini, kwa mpangilio gani, nilitarajia nini, nikaona nini, kwenye kompyuta ipi, saa ngapi, na nani alikuwa ameingia kwenye mfumo. Nikaona ananichezea. Foleni ya wagonjwa kwenye dirisha la dawa haimsubiri mtu atunge insha. Nikajaza yote, na kwenye swali la mwisho nikaandika "mimi peke yangu". Ulikuwa uongo.

Mwenzangu wa dirisha la pili, tunayemwita Umeme kwa kasi yake, alisahau neno lake la siri nami nikamwazima langu. Mkuu wetu alishaapa kwamba atakayekutwa na kosa hilo atafukuzwa, basi tukafunika kombe mwanaharamu apite. Fundi alizijaribu hatua zangu, hakuona kitu, akaifunga ripoti.

Jana asubuhi, nikijiandaa kwenda kazini, nilimkuta mama mdogo mezani, mkono mmoja glasi ya maji, kiganjani vidonge vinne vya presha. Miaka sita anameza kimoja.

"Mama mdogo, vinne vya nini?"

"Si nyie mmeandika? Vinne, mara tatu kwa siku. Nikajua presha imepanda."

Nilimdaka mkono hadi vikamwagika. Lebo ilikuwa na jina lake na maelezo ya mtu mwingine. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nilikuwa nimemletea langu hadi mezani. Dozi yake naijua kwa kichwa. Za wengine ningezijuaje?

Kazini nikaipiga picha ile lebo, nikaandika ripoti upya: kompyuta mbili, jina moja la kuingilia, Umeme na mimi tukibonyeza "chapisha" kwa wakati mmoja. Umeme alinisihi nisitume, ana watoto. Hata mimi nina wa kulisha. Niliogopa, lakini nikatuma.

Haikupita nusu saa, fundi akapiga simu.

"Dada, tatizo nimeliona. Limetokea mara ya kwanza tu nilipojaribu. Mlianza lini kufanya hivi?"

Ningeweza kusema juzi. Nilimtajia tarehe ya kweli, mwezi mzima nyuma.

Akatuletea orodha ya watu arobaini ambao lebo zao zilichapishwa sekunde moja na za wengine. Mkuu hakugusia habari ya kufukuzwa. Alinisogezea simu tu, akaniambia niwapigie kuanzia juu ya orodha.

Wa kwanza alipokea mwenyewe, mzima wa afya, akaucheka wasiwasi wangu. Simu ya pili ilipokewa na mume wa mgonjwa. Akaniuliza kwa upole kama sikupata habari za msiba.