Jeshi Kwenye Chumba cha Binti

Fundi alipofungua mlango wa chumba cha bintiye, begi lilimponyoka likamwangukia mguuni, na wala hakusikia maumivu. Alibaki kizingitini mdomo wazi. Kitanda hakikuwepo. Kabati halikuwepo. Pazia la maua alilolishona kwa mikono yake mwenyewe nalo lilikuwa limeng'olewa pamoja na fimbo yake. Katikati ya chumba ilikaa meza ya plaiwudi, kubwa hivi kwamba mtu alipita ubavu ubavu ili aizunguke, na juu yake kulikuwa na nchi nzima: vilima, mto, daraja, nyumba za kadibodi, na kundi la askari wasiozidi kidole gumba kwa urefu, bunduki mikononi, wote wakimtazama yeye.

"Karibu nyumbani, mke wangu," mumewe alisema kutoka ng'ambo ya meza. Alikuwa amevaa aproni ya jikoni na tabasamu la mtu anayengoja sifa.

Mume huyu alikuwa dereva wa gari la shule, na watoto wa mtaa walimwita Babu Honi. Tangu aanze kazi hajawahi hata kumkwaruza mtoto, na jambo hilo alilitaja popote alipopata nafasi, hata msibani. Ni mtu mpole kupita kiasi. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa ajili ya cherehani yake, alipenda kusema kwamba ameolewa na mtu asiyefundishwa neno "hapana" utotoni. Mume huyo alikuwa na udhaifu mmoja tu: visanamu vya askari. Alivinunua vikiwa plastiki tupu, akavipaka rangi kimoja kimoja kwa brashi nyembamba kama ukope, kisha Jumamosi akapigana navyo na shemeji yake kwenye meza ya kulia chakula. Hayo Fundi alishayazoea. Askari walilala kwenye maboksi chini ya kitanda na hawakumsumbua mtu.

Lakini haya ya leo yalikuwa makubwa. Alikuwa ametoka kumwangalia binti yao aliyejifungua, na kule alikuwa ameahidi kwa kinywa chake: ukipata nguvu, mwanangu, njoo na mtoto upumzike, chumba chako kipo. Chumba chako kipo!

"Godoro liko wapi?" aliuliza.

"Si hilo hapo?" Dereva alionyesha vilima. "Sponji yake nzuri sana, mama. Inakatika yenyewe kwa kisu cha mkate."

Fundi alishika kiuno. Godoro la bintiye lilikuwa limekatwakatwa, likapakwa gundi na unga wa mbao, likawa milima. Na chini ya milima, kikiwa kimetandikwa kuanzia ukingo hadi ukingo, alikitambua kitambaa cha mteja wake, kile cha suruali, cha rangi ya kahawa.

"Na hiki?"

"Nyasi," Dereva alijibu kwa fahari. "Nilichukua kile cha kijani. Nitakulipia."

"Cha kijani?"

"Kimekaa kama malisho kabisa, au siyo?"

"Usinitanie, baba watoto. Nimetoka safari, nimechoka."

Dereva alicheka kidogo, cheko la mtu asiyejua amechekesha wapi. Hata wakati huo hakumtazama mkewe usoni. Macho yake yalitua karibu na sikio la mkewe na kubaki pale pale, na Fundi akajisemea moyoni kwamba hatia hiyo, ona anavyoshindwa kuniangalia. Taa zilikuwa nne ndani ya chumba kile kimoja, mbili zikining'inia juu ya meza, moja kwenye rafu, na moja yenye kioo cha kukuzia imebanwa kwenye kiti cha kupakia rangi. Mchana kweupe, zote zinawaka. Mtu angedhani wanafanya upasuaji.

"Sikiliza," Fundi alisema, akijilazimisha kuwa mtulivu. "Binti anakuja na kichanga. Kesho hivi vitu virudi kwenye maboksi."

"Hapana."

Fundi aligeuka kutazama nyuma yake, akidhani kuna mtu mwingine ameingia.

"Umesema?"

"Hapana, mke wangu. Mpaka nimalize jeshi. Kimebaki kikosi kimoja tu. Nikimaliza nabomoa kila kitu, nanunua godoro jipya, napaka na ukuta. Kabla ya hapo, hapana."

Alilisema neno lile kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomwacha Fundi amepigwa na butwaa. Miaka yote ile ya ndoa amemwomba ahame kazi, abadili timu ya mpira, aache kukoroma, na siku zote jibu lilikuwa "sawa, mama." Leo, kwa ajili ya wanasesere wenye kofia, amekataa.

Siku zilizofuata Fundi alimnunia. Alimwekea chakula bila neno, akashona huku akikanyaga cherehani kana kwamba ina deni lake. Asubuhi alimwona akitoka na funguo za gari la shule, na jioni akirudi na kuingia moja kwa moja kwenye kile chumba. Siku moja aliona kioo cha pembeni cha gari kimefungwa kwa utepe wa gundi. Alipouliza, ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza kufungua mdomo, Dereva alisema lori lilimbana. Fundi alifyonza akarudi kwenye kazi yake.

Jumamosi kaka mdogo wa Fundi, mtengeneza mafriji, alikuja na boksi lake la askari ili kufungua uwanja. Huyu alikuwa mtu wa makelele, baba wa mapacha waliopanda gari la Babu Honi kila asubuhi na kurudi nalo mchana. Aliingia chumbani, akashika kichwa.

"Shemeji! Umejenga nchi! Dada, umeona mambo haya?"

"Nimeona godoro," alisema Fundi.

"Njoo uwe mwamuzi basi. Sisi wawili tukianza kubishana hatumalizi."

Fundi alikuja akiwa amevuta mdomo, ili ijulikane kwamba hasira bado ipo. Kaka yake alipanga jeshi lake la makoti ya kahawia upande wa mto. Dereva alipanga lake la makoti ya kijani nyuma ya vilima, akipapasa kila askari kwa ncha za vidole kabla ya kumsimamisha.

"Sheria ya kukumbuka ni moja," kaka alimweleza. "Askari asiyeona hapigi. Mtu akitaka kupiga, wewe inama mpaka jicho lako liwe nyuma ya kichwa cha askari, uangalie anachoangalia yeye. Ukimwona adui, apige. Usipomwona, asimame alipo, asijaribu kitu. Hata kama mwenye jeshi atalia machozi."

Fundi aliinama. Alitaka kudharau, lakini pale chini, shavu likikaribia meza, mambo yalibadilika. Kitambaa cha mteja kilikuwa tambarare isiyo na mwisho, na godoro la bintiye lilikuwa mlima wa kweli wenye kivuli chake.

"Huyu haoni," alitangaza. "Kuna kilima."

"Dada, mtazame vizuri!"

"Haoni, nimesema. Asimame alipo."

Kaka aliguna, Dereva akacheka, na Fundi nusura acheke naye. Kumbe mchezo wenyewe una utamu wake. Dadu zilirushwa, futi yake ya kushonea ikapima hatua za askari, na kwa muda chumba kilikuwa na furaha. Kisha ikaja zamu ya Dereva, naye akanyoosha mkono, akachukua askari watatu kando ya mto, akaanza kuwapandisha kilimani.

"Shemeji, hao wangu," alisema kaka.

"Eh?"

"Hao makoti ya kahawia. Wangu! Unanitekea watu mchana mchana?" Alicheka mpaka akakohoa. "Halafu naona na wewe kikosi chako kipya umekivisha makoti yangu. Unataka kunichanganya, mzee."

Dereva alicheka pia, lakini alichelewa. Aliwarudisha wale askari, na mmoja akamwangukia mtoni. Fundi aliona vidole vikimtafuta, vikipapasa maji yaliyochorwa, vikipita kando yake mara mbili.

"Zamu yangu," kaka alisema. "Mwamuzi, inama. Naona napiga."

Fundi alizunguka upande wa pili, akainama nyuma ya askari wa kaka yake. Sasa alitazamana uso kwa uso na kikosi kipya cha mumewe. Wa kwanza alikuwa na macho mawili madogo meusi, yamechorwa vizuri, lakini yote mawili yalikuwa kwenye shavu. Wa pili jicho moja lilikuwa sikioni. Wa tatu hakuwa na macho kabisa, na vitone vyake vyeusi vilikuwa vimedondoka kwenye koti. Na makoti yenyewe yalikuwa ya kahawia, sawasawa na kile kitambaa kilichoitwa nyasi.

Fundi alisimama bila kutoa uamuzi wowote.

"Anaona au haoni?" kaka aliuliza.

"Nenda jikoni kwanza ukajimiminie chai," Fundi alisema. "Ipo kwenye chupa."

Kaka alipotoka, Fundi aliiendea rafu. Tabia ya mumewe aliijua: kila askari aliyekamilika aliwekwa mwisho wa mstari, mkono wa kulia, na hakuhamishwa. Wa kushoto kabisa walikuwa wa zamani, wenye vifungo vya dhahabu, kamba za viatu, hata weupe wa jicho. Fundi alitembea polepole. Hapa vifungo vimepotea. Hapa mdomo umehamia kidevuni. Hapa kijani kimeanza kuwa kahawia, kidogo kidogo, kama nguo inayochujuka. Mwisho wa rafu walisimama watu wenye nyuso za tope. Alimgeukia mumewe.

"Tangu lini?" aliuliza.

Dereva hakujifanya haelewi. Alikaa kwenye kiti chake cha kupakia rangi, mikono mapajani.

"Kabla ya shule kufunguliwa. Daktari wa macho alisema katikati ndiko kunakokufa. Pembeni naona vizuri tu. Ndiyo maana nakutazama sikio, mama. Nikikutazama sikio, ndipo uso wako naupata kidogo."

Fundi alifunika mdomo kwa kiganja. Kumbe si hatia. Alikuwa akimtafuta.

"Alisema hakuna dawa ya kurudisha," Dereva aliendelea. "Nikasema basi, nipate chumba chenye mwanga, nimalize jeshi langu kabla ya giza. Ningekwambia siku ile ile ya kulimaliza. Nilitaka ufaidi furaha ya mjukuu kwanza."

"Na gari?" Sauti ya Fundi ilikuwa ndogo sana. "Umekuwa ukiendesha? Muhula mzima?"

"Ile njia naijua hata nikifumba macho."

Alilisema kama watu wanavyolisema siku zote, kwa mazoea. Kisha akajisikia mwenyewe, na uso wake ukaanguka. Mbele yake Fundi hakuona chumba tena, aliona watoto wakishuka garini kwa kusukumana, mabegi yakiwazidi, wakivuka barabara wanavyovuka kila siku, mbele ya gari, katikati kabisa.

"Kioo cha pembeni," alisema. "Lile lori."

"Lilikuwa limeegeshwa," Dereva alinong'ona.

Kaka alirudi na kikombe mkononi, akipuliza mvuke. "Haya, mwamuzi! Tumefika wapi?"

Fundi alimchukua askari mwenye macho ya shavuni, akamshika ngumini. Angeweza kusema yeye, na maneno yalikuwa yamemjaa kinywani. Lakini alimtazama mtu huyu ambaye fahari yake yote duniani ilikuwa watoto wa watu, akaona kwamba hilo moja lazima litoke kwa mwenyewe.

"Nikumbushe sheria," alimwambia kaka yake, macho yake yakiwa kwa mumewe. "Askari asiyeona anafanyaje?"

"Anasimama alipo, dada. Si nimekwambia? Hata mwenye jeshi alie."

Dereva aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa funguo za gari la shule, akaziweka juu ya tambarare, kati ya majeshi mawili.

"Shemeji," alisema, "Jumatatu mapacha wapeleke mwenyewe."

"Kwani gari limekufa?"

"Gari ni zima."

Kaka alitabasamu, akingoja mzaha umalizike. Fundi akafungua ngumi, akamwekea yule askari kiganjani. Kaka alimsogeza kwenye taa, akamtazama usoni. Akamchukua mwingine mezani. Akamchukua na wa tatu. Kikombe cha chai akakiweka juu ya mlima bila kuangalia anakiweka wapi. Kisha akatoa simu, akampigia mkewe, akamuuliza watoto wako wapi, ingawa ilikuwa Jumamosi, na alikuwa amewaacha nyumbani mezani wakila.