Sindano Kutoka Shimoni

Glodie, binti yangu wa miaka sita, aliingia jikoni damu ikimtoka kidoleni. Kasema amechomwa na sindano ya kule kwenye shimo la taka, basi. Kabla sijauliza zaidi, mamkwe wangu Kabedi alishamdaka na kukikamua kidole kama chuchu ya mbuzi. Mume wangu Nicodème naye huyo, na chupa ya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo. Mimi ni mwalimu. Kutwa nakemea watoto wa watu, nikirudi nyumbani nakuta wazee wakaidi kuwashinda.

"Acha kukamula, mama!"

"Tunatosha sumu, itoke yote," akajibu bila kuniangalia.

Nikamnyang'anya mtoto, nikamwosha kwa sabuni na maji mengi, tukapanda pikipiki kwenda hospitali. Njiani niliwalaani wote: wanaotupa sindano katika shimo la taka lisilo hata na ua, na hasa watoto wa jirani yangu Déborah. Adabu hawana tangu kuzaliwa. Nani mwingine angemchoma binti yangu? Maneno ya kumwambia mama yao nilikwisha kuyapanga.

Muuguzi, Mama Feza, alisema hatari ni ndogo, lakini UKIMWI na homa ya ini si vitu vya kubahatisha: dawa ianze leo, na chanjo. Kisha akamgeukia Glodie.

"Nani alikutoboa na ile shindano?"

Glodie akaficha uso kifuani mwangu.

"Sema! Ni batoto ya mama Déborah?" nikafoka. Nilichoka. Nilitaka jina tu.

Feza aliugeuza mkono wa mtoto. Ukucha wa kidole cha mwisho ulikuwa umepakwa wino wa kalamu, kama watoto wanavyopakwa siku ya chanjo ya polio.

"Mulicheza chanjo?"

Glodie akaitikia kwa kichwa.

"Nani njo alikuwa docteur?"

"Njo minyi." Akajigusa kifua, akaanza kulia. "Batoto balipanga mulongo, mumoja nyuma ya mwingine, nikabatoboa bote. Kisha balisema na weye pia, nikajitoboa."

"Na shindano moja?"

"Moja."

Feza akanitazama. "Mama, balete bote. Leo hii."

Nilirudi mtaani, nikaenda moja kwa moja kwa Déborah. Alinipokea mlangoni, uso umejaa huruma.

"Pole, mama Glodie. Nasikia balitoboa mutoto wako. Ni batoto ya nani bale banakosa adabu?"

"Njo Glodie mwenyewe," nikasema. "Na batoto bako pia alibatoboa. Baite, twende ku hospitali."