Mtu wa Theluji Mwenye Meno ya Mteja

Walisema watakaa siku tatu. Siku ya tano, nikiwa natafuta kijiko kwenye droo ya mishumaa kwa sababu Redio alikuwa amenipangia jiko upya, nilimuuliza mume wangu kwa sauti ya chini wageni wanaondoka lini.

"Si ni wageni wako?" akanijibu, huku anamalizia kipande cha mwisho cha mkate.

Ni kweli, walikuwa wangu. Redio na mumewe, Katibu, nilisoma nao chuo kimoja, tukijifunza kutengeneza meno ya bandia. Redio tulimbandika jina hilo kwa sababu alikuwa hazimiki. Katibu alikuwa katibu wa wanafunzi kwa muhula mmoja tu, na hajashuka cheo mpaka leo. Wote wawili waliiacha fani zamani, wakaingia kazi za ofisini. Mimi ndiye niliyebaki na plasta na nta, kwenye chumba kidogo nyuma ya jiko.

Walikuja na binti wa miaka kumi na miwili, mpole, na mapacha wa kiume wa miaka sita ambao upole wote walimwachia dada yao. Nje theluji ilifika magotini na baridi ilikuwa ya kukata masikio, lakini mapacha waliingia na kutoka, wakaingia na kutoka, mlango wakiuacha wazi kana kwamba tunaendesha duka. Katibu alikalia kiti changu karibu na hita, akinieleza namna bora ya kuipasha joto nyumba yangu mwenyewe.

"Shoga, hivi unaishije na sebule yenye giza hivi?" Redio aliniuliza, tayari keshashika upande mmoja wa kabati.

Nikameza. Ya Redio nimemeza mengi.

Jumatano mchana ndipo mambo yalipoharibika. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa aje kesho yake kuchukua meno yake ya juu. Nilikuwa nimeyang'arisha na kuyaweka kwenye bakuli la maji. Niliporudi kutoka dukani kununua mkate mwingine, nikakuta bakuli lina maji tu.

Nilitafuta chini ya meza, mifukoni mwa makoti, ndani ya ndoo ya taka. Kisha nikatupa jicho dirishani. Uani alisimama mtu wa theluji, mnene, kavaa kofia ya mume wangu, ananichekea kwa meno kumi na manne meupe pe.

Nilitoka na ndara miguuni, nikayang'oa mdomoni mwake. Jino moja la mbele lilikuwa limevunjika.

"Nani?" Niliporudi ndani sikuweza kusema zaidi ya hapo.

Redio akawapanga watoto mstari mmoja. "Semeni ukweli. Nani kachukua meno ya mama mdogo?"

Mapacha wakakazia macho soksi zao zilizolowa. Dada yao akasema, "Ni mimi."

Mkononi alikuwa na kitabu, na miguu yake ilikuwa mikavu kabisa. Hakuwa ametoka nje tangu asubuhi.

"Safi," Redio akasema. "Kosa ukilisema limekwisha. Mnamwona mama mdogo wenu huyu? Tulipokuwa chuoni aliisahau taa ya spiriti ya kuyeyushia nta ikiwaka karakanani, pazia likashika moto, meza mbili zikateketea. Lakini alisimama mbele ya mkuu wa chuo akasema, ni mimi. Wakamsimamisha mwaka mzima! Na mwoneni leo." Akacheka. "Tulikuwa tunamwita Mama Pazia."

"Mama Pazia!" mapacha wakapokea.

Mume wangu akanigeukia. "Si uliniambia mwaka ule ulikuwa unaumwa?"

Nikayaweka meno mezani taratibu, yasije yakavunjika zaidi.

"Taa sikuiacha mimi," nilisema. "Uliiacha wewe, Redio. Ulikuwa na maonyo mawili, la tatu wangekufukuza. Ulilia kitandani kwangu mpaka nikakuonea huruma. Nikakaa nyumbani mwaka mzima nafua nguo za wadogo zangu, na barua hukuniandikia hata moja."

Katibu akakohoa. "Napendekeza mjadala huu tuuahirishe..."

"Kaa kimya, Katibu!" mimi na Redio tulisema kwa pamoja.

Halafu Redio akanyamaza. Tangu nimjue sikuwahi kuona jambo hilo.

"Mama, ulidanganya?" binti yake akauliza.

"Nilidanganya." Akakaa chini. "Halafu hadithi nimeisimulia hivyo mara nyingi, mpaka nikawa naiona hivyo."

Nikaenda kwenye chumba changu cha kazi na kufunga mlango. Hazikupita dakika kumi, akaufungua bila kubisha. Akavuta kigoda, akalichukua jino la akiba kwenye trei, akaanza kulisugua likae sawa na pengo. Vidole vyake vilikuwa vizito mwanzoni, kisha vikakumbuka.

"Nisamehe," alisema bila kuinua macho.

"Umechelewa."

"Najua."

"Basi usitikise meza."

Tulifanya kazi mpaka saa kumi na moja jioni. Sitasema nilimsamehe siku hiyo. Ila kesho yake mstaafu alikuja, akauma tofaa mbele yetu, akaondoka anatabasamu, na hakuna aliyemwambia meno yake yalikuwa wapi.

Jumamosi wakafunga mizigo. Nilimvuta binti pembeni nikamwambia, "Siku nyingine waache waliokosa waseme wenyewe. Umesikia?"

"Watapigiwa kelele," akasema.

"Wapigiwe. Zitawaingia."

Akanikumbatia haraka, akaingia garini. Katibu akawasha, magurudumu yakazunguka, yakazunguka, na gari likazama kwenye theluji palepale getini. Redio akateremsha kioo.

"Shoga, labda tulale mpaka kesho?"

Mume wangu akafungua mdomo ajibu. Nilikuwa nimeshachukua koleo. Nilichimba ile theluji kama mtu aliyeahidiwa zawadi, mpaka gari likatoka.