Maji Matatu

"Umekisuuza?" Leonardi aliuliza. "Bi Mwanabaraka, kitambaa hiki umekisuuza?"

"Maji matatu."

Kwao Mbagala kitu hakiitwi safi bila maji matatu, hata kijiko. Alikuta kitambaa cha pamba kimeloweka kwenye bakuli, maji yamechafuka, akafanya alivyolelewa.

"Mungu wangu! Ile ndiyo dawa yetu yote ya kimeng'enya, na wageni wanaingia saa nne!"

Leonardi, mkuu wake wa kazi, si mtu mbaya, ila siku hiyo alikuwa roho mkononi. Wageni ndio wangeamua kama ile maabara ndogo ya Chang'ombe ibaki au ifungwe. Wenzao kumi na mmoja walishapunguzwa.

"Hata ikibaki, wewe hubaki," akasema. "Leo ndio mwisho wako hapa."

Mwanabaraka akaokota ndoo yake. Miaka kumi na sita anaosha chupa, hajavunja hata moja, leo afukuzwe kwa usafi? Jamani!

Wageni wakaingia. Lisilobudi hutendwa, Leonardi akakishika kile kile kitambaa.

"Kimeng'enya chetu kinavunja sumu ya kuulia wadudu," akaeleza. "Tumekiunganisha na kipande cha protini kinachong'ang'ania pamba. Sumu ikivunjika, maji yanageuka manjano."

Akakitumbukiza kwenye gilasi ya maji yenye sumu kidogo. Maji yakabaki meupe. Mgeni mmoja akatazama saa. Mwanabaraka, kasimama mlangoni na ndoo yake, akawa anasoma kimoyomoyo kila dua aliyoijua.

Umanjano ukaanzia kwenye pindo, ukapanda taratibu mpaka gilasi yote ikaiva.

"Mlikisuuza kwanza?" akauliza Dokta Anastasia, mkubwa wa wageni. "Kisiposuuzwa nitajuaje kama kimeng'enya kimeshika pamba, au kinaelea tu?"

"Mara tatu," Leonardi akasema, hamtazami mtu. Mwenyewe asingethubutu hata mara moja. Vimeng'enya vyao vya zamani vyote vilikuwa vinatoka na maji.

"Tatu! Nani huyo mwenye moyo?"

Leonardi akageukia bomba, akalikaza.

"Mie," Mwanabaraka akasema kwa hasira, maana alishachoka kuogopa. "Na mie ndio nafukuzwa."

Dokta akakitoa kitambaa kwa koleo, akamnyooshea.

"Rudia, mama, nione."

Mwanabaraka akatua ndoo. Leonardi alikuwa amesimama mbele ya bomba, akasogea, akampisha.